Mzee Niliyemwandika wa Kwanza

Vijana wawili wa ofisi yangu ya zamani ya mahakama walikuja kwangu mtaani Katuba Jumapili moja baada ya misa, viatu vyao vinang'aa, wakanywa chai ya mke wangu mpaka birika likaisha. Kisha mmoja akasema: "Baba Gaston, utuandikie namna kazi ilikuwaka, juu shiye batoto tusipotee." Niliwajibu kwamba kupotea nako ni sehemu ya kazi. Lakini tangu nistaafu mikono yangu haina la kufanya, na kuna jambo moja ambalo sijapata kulisimulia lote. Kwa hiyo ninaandika.

Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Niliingia mahakamani hapa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati ule, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka shule ya mapadri na mwandiko mzuri na hofu nyingi. Mwandiko umeharibika siku hizi. Hofu bado ninayo. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kalamu ya kuchovya, chupa ya wino, karatasi ya kukaushia, muhuri, na sindano nene ya kutobolea karatasi ili zifungwe kwa uzi. Mafungu hayo ya karatasi tuliyaita dosie, nanyi bado mnayaita hivyo. Kabla ya saa sita nilikuwa nimejitoboa kidole mara mbili na kutia doa la damu kwenye kesi ya wizi wa baiskeli. Doa lile lilifika mpaka kwenye rufaa, na hakuna aliyeuliza ni la nani.

Aliyenifundisha kazi ni Baba Romain, karani mkuu, mtu wa kaskazini, kutoka misheni za kando ya ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa amejenga reli, naye mwenyewe alitembea kama treni, polepole na bila kutoka njiani. Karani wa wakati ule alikuwa mwandishi na mkalimani pamoja. Jaji alisema Kifaransa, mshtakiwa alisema Kiswahili au Kibemba au Kiluba, na kati yao alisimama mtu mmoja aliyevaa kaptula. Baba Romain alinionya tangu wiki ya kwanza: "Mutoto, ukiwa hauna hakika, uliza. Kuuliza si ujinga. Kunyamaza njo kunafungisha bantu." Nilitikisa kichwa kukubali kwamba kunyamaza ndiko kunakofungisha watu. Nilikuwa na umri wa kutikisa kichwa.

Kesi zilizonitia wasiwasi zaidi zilikuwa za udanganyifu. Mwizi wa kuku huwa peke yake na kuku wake, lakini udanganyifu una watu wengi, na sheria inataka kujua kila mmoja alisimama wapi. Baba Romain alinieleza hivi: "Kuko mwenye kutengeneza mutego. Kuko mwenye kushika kamba, na bila yeye mutego haufungi. Na kuko ule mwenye kupita na kuni zake, banamuambia: shika hapa kidogo." Wawili wa kwanza wanabeba adhabu nzima. Wa tatu, ambaye sheria inamwita msaidizi, hawezi kupewa zaidi ya nusu. Kwa hiyo katika kesi hizo swali la kama mtu alikosa huisha upesi. Swali linalobaki ni la nafasi yake, na hapo ndipo miezi na miaka ya mtu inapoamuliwa.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe.

Ilikuwa kesi ya samaki. Duka moja la mjini lilinunua samaki wakavu kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, kwa ajili ya chakula cha wafanyakazi. Magunia yalikuja kwa lori, yamejaa, yamenenepa, yamepimwa. Siku moja gunia likapasuka likishushwa, na katikati yake mkaonekana majani makavu na mabonge ya udongo wa kichuguu yaliyofungwa vizuri, huku samaki wamepangwa pembeni na juu tu. Walifungua mengine. Yalikuwa vilevile.

Watu watatu walikamatwa. Musonda, mchuuzi wa samaki, kijana mwenye viatu vyeupe na Kifaransa kidogo, ndiye aliyepatana na duka. Ilunga alikuwa mpakiaji wa lori. Na Mzee Chola, fundi wa kushona magunia, alikuwa mjomba wa Musonda, ndugu wa mama yake tumbo moja. Mtu wa Luapula hahitaji kuelezwa maana yake. Kwa wengine nitasema tu kwamba kule mtoto ni wa upande wa mama, na kosa la mtoto huwa linatafuta mlango wa mjomba kabla ya mlango wa baba.

Dosie ilikuja kutoka kwa komisari wa polisi imeandikwa vizuri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina: wa kwanza Musonda, wa pili Ilunga, wa tatu Chola. Kurasa zilizofuata hazikurudia majina. Zilisema "mshtakiwa wa kwanza alikodi lori", "mshtakiwa wa tatu alishona", na kuendelea hivyo. Ukurasa ule wa kwanza ulikuwa ufunguo wa zote.

Baba Romain alikuwa amekwenda kwao kuzika ndugu. Mvua ya kwanza ya mwaka ikanyesha, na bati la ofisi yetu, ambalo tulikuwa tumelilalamikia tangu kiangazi, likavuja juu ya meza yangu. Asubuhi nilikuta ukurasa wa kwanza umelowa, wino umetapakaa, lakini majina yanasomeka. Kesi ilikuwa siku hiyohiyo. Nikachukua karatasi safi na kunakili.

Hapa naomba mnisome polepole. Nilipoandika Musonda juu na Chola chini kabisa, mkono wangu ulisita. Chola alikuwa na mvi. Nilikuwa nimemwona akiletwa, anapanda ngazi huku ameshika ukuta. Kwetu hatumtaji mtoto mbele ya mzee. Hata kwenye karatasi ya matanga, mzee anatangulia. Nikaona komisari, kwa kuwa mzungu, hakujua adabu. Nikatupa karatasi ile, nikachukua nyingine, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: wa kwanza Chola, wa pili Ilunga, wa tatu Musonda. Ile iliyolowa nikaitia kwenye kapu la taka. Niliona nimefanya jambo la heshima, na nikafurahi nalo mpaka saa tatu.

Saa tatu jaji aliingia. Alikuwa mgeni, alihamia kwetu mwezi ule, mtu mkavu mwenye haraka. Akaanza kusoma, nami nikatafsiri. Mshtakiwa wa kwanza alipatana na duka. Mshtakiwa wa kwanza alikodi lori. Mshtakiwa wa kwanza ndiye aliyebuni kuweka udongo katikati. Nilikuwa kwenye sentensi ya tatu nilipoelewa ninalolisema, na kwa nani. Jaji alikuwa anamtazama Chola, na Chola alikuwa ananitazama mimi.

Sikunyamaza. Afadhali ningenyamaza. Niliendelea kutafsiri mpaka mwisho, kwa sauti ileile, kwa sababu kumkatiza jaji mzungu katikati ya sentensi lilikuwa jambo ambalo sijaona mtu akilifanya.

Jaji akamuuliza mzee: "Una la kusema?"

Nikatafsiri. Nilimwomba Mungu mzee akatae. Angekataa tu, jaji angeuliza zaidi. Chola alimtazama Musonda, ambaye alikuwa anachunguza viatu vyake vyeupe. Kisha akasema: "Miye njo yomba wake. Kama kuko kosa mu nyumba, mutaniuliza miye."

Nikatafsiri hilo pia: yeye ndiye mjomba, kosa la nyumba aulizwe yeye. Jaji akaandika. Ilunga alijibu alichoulizwa tu: ndiyo, alipakia, ndiyo, kwa kazi ya hao wawili. Musonda alisema yeye ni mtoto, anafuata wakubwa. Hukumu ikawekwa baada ya siku mbili, na mzee akapelekwa boloko, jela yetu, pamoja na wafungwa wa makosa makubwa, kama inavyomfaa kiongozi wa wadanganyifu.

Nilikimbilia kapu la taka. Lilikuwa tupu. Mfagiaji alikuwa amekwisha kuchoma.

Siku mbili zile sizitamani hata kwa adui. Nilikula bila kuonja. Nilipiga mihuri juu chini. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani wamekuja kunikamata, na ulipofungwa nilidhani mzee amekufa. Alikuwa na kikohozi. Nilikisikia kutoka barazani siku ya kesi. Miezi kumi na minane, miaka miwili kwenye saruji, kwa mtu wa umri ule, si kifungo tena. Ni maziko yanayokwenda polepole.

Nilikwenda kumwona. Karani alikuwa na ruhusa ya kuingia kwa ajili ya saini. Nilimweleza yote kupitia vyuma, kwamba mimi ndiye niliyempandisha juu ya karatasi, na kwamba akimwambia jaji ukweli mambo yatanyooka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Karani, weye ulifanya vile juu ya heshima?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi muzuri. Lakini mi siwezi kusema mutoto wa dada yangu njo alifanya. Nikisema vile, nitarudia Kasenga kwa nani? Dada yangu atanipa maji na mukono gani?"

"Utafia humu, Baba."

"Iko vile," akasema, kana kwamba nimemwambia saa.

Baba Romain alirudi siku ya pili, bado na kitambaa cheusi mkononi. Nilimfuata nyuma ya ofisi na kumwambia. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza kwanza: "Karatasi yenyewe iko wapi?"

"Walichoma."

Akakaa juu ya ngazi. "Jaji atasema ulihongwa na ule Musonda. Mutu anabadilisha majina, anachoma karatasi ya komisari, kisha anasema ilikuwa adabu. Mi mwenyewe nakujua, na bado inanipa shida kusadiki." Kisha akaniuliza swali alilokuwa akiwauliza washtakiwa wote kabla ya kuandika jina lao: "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Akakaza fundo la kitambaa chake cheusi. "Ukitaka, tutasema ni miye. Tutasema nilikuacha na maneno hayo kabla ya kwenda kwenye matanga: wazee kwanza. Mi nimezeeka, batanifukuza tu. Weye utakuwa ule mwenye kupita na kuni."

Nitawaambia ukweli wote, kwa kuwa nimestaafu. Nilitaka kukubali. Mke wangu, Mama Agnès, alikuwa na mimba ya miezi saba, na nyumba tuliyolala ilikuwa nyumba ya kazi. Nilifungua kinywa kusema ndiyo. Kilichonizuia si ushujaa. Nilimwona Baba Romain amekaa pale, ameinamisha kichwa, tayari kubeba, nikamwona Chola yuleyule nyuma ya vyuma. Niliona aibu kuwa na viatu vyeupe.

Asubuhi ya hukumu nilimgongea jaji mlango kabla ya saa yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya Kifaransa tangu nyumbani, yote yalikimbia. Nilisema tu: nilinakili, nilibadilisha mpango wa majina, mzee si wa kwanza.

Jaji aliweka kalamu chini. "Walikupa nini?"

"Hakuna kitu, Bwana Jaji."

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

Nilihisi Baba Romain amesimama nyuma yangu mlangoni. Nilimsikia akivuta pumzi ili aseme. Nikawahi. "Hakuna aliyenituma. Ni mimi peke yangu."

Aliniamuru niandike hayo na kutia saini, kwa mwandiko uleule mzuri. Kisha akaniambia niende nyumbani ningoje. Komisari aliyefungua dosie alikuwa safarini, atakaporudi ataulizwa, na hukumu ingoje. Ningoje kama mfanyakazi au kama mshtakiwa, hakusema.

Nilingoja siku tisa. Mama Agnès hakunilaumu. Alianza kufunga sufuria kwa kamba, moja ndani ya nyingine, tayari kuhama, na kila asubuhi alifungua moja ili apike, kisha akaifunga tena. Siku ya sita nilimuuliza kama ana hasira. Akasema: "Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kinamufichua. Weye haukuficha. Lakini sufuria nitazifunga." Nilimpenda sana siku ile, na niliogopa zaidi.

Siku ya kumi waliniita. Komisari alikuwa amerudi na daftari lake la mfukoni, na ndani yake majina yalikuwa kwa mpango wake: Musonda juu. Karani wa duka naye aliitwa, akasema hajapata kumwona Chola maishani. Aliyepatana naye ni mwenye viatu vyeupe. Jaji akafungua kesi upya. Mimi nilikaa kwenye benchi la watu, na Baba Romain akatafsiri.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nataka mlishike kuliko yote. Baba Romain alijua mzee hatamtaja mpwa wake. Akaomba ruhusa kwa jaji, akasema kwamba mzee huyu akiulizwa juu ya watu wengine hatajibu, lakini akiulizwa mikono yake mwenyewe ilifanya nini, labda atajibu. Jaji akatazama saa, akakubali.

"Baba Chola," Baba Romain akasema, "tusiongee ya mutu mwingine. Mikono yako ilifanya nini?"

Chola aliitazama mikono yake. "Ilishona."

"Magunia ngapi?"

"Makumi mbili na saba."

"Ulijua mulikuwa nini ndani?"

Angeweza kusema hapana; hakuna aliyeweza kumpinga. "Ya kwanza sikujua," akasema. "Ya pili nilisikia bulongo chini ya sindano. Nikashona."

Jaji akamgeukia Ilunga: mikono yake? Ilipakia, aliona gunia zito kuliko samaki, akageuza uso. Kisha Musonda.

"Mikono yangu haikufanya kintu," Musonda akasema haraka. "Haikushika hata gunia moja."

Jaji alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu tumjue. Akasema, na Baba Romain akatafsiri bila kuongeza chumvi: ndiyo, ndivyo inavyokuwa mikono ya kiongozi.

Musonda alipewa miezi kumi na minane, kama mwenye kutengeneza mtego. Ilunga alipata minne. Chola, kama msaidizi aliyejua, alipata tisa, nusu kamili, na akatolewa kwa wafungwa wakubwa akapelekwa kwenye karakana ya kushona. Kuhusu mimi, jaji aliandika kitu kwenye faili langu ambacho sikupata kukisoma, na Mama Agnès akafungua sufuria zote. Baba Romain alinikabidhi kalamu yangu. Tangu siku hiyo, kwa miaka yote iliyobaki, kila karatasi niliyonakili niliifananisha na ya asili mara tatu, na ya asili sikuitupa hata ikiwa imeliwa na mchwa. Ninyi mlikuwa mnanicheka. Nilikuwa nawasikia.

Niliposikia miezi tisa ya Chola imeisha, nilikwenda kumngoja mlangoni mwa boloko na mkate na shati. Alitoka amekonda, lakini kikohozi kilikuwa kimepungua. Nikamwambia lori la Kasenga linaondoka mchana, na nafasi nimekwisha kumwombea.

"Siendi," akasema.

Nilidhani anaumwa. "Umemaliza, Baba. Sheria imekuachilia."

"Sheria, ndiyo. Lakini yomba anafikaka nyumbani mbele ya mutoto wa dada yake? Dada yangu ataniuliza: mutoto uliacha wapi?" Akachukua mkate, akashukuru, akakaa kivulini ng'ambo ya barabara kutazama mlango aliotoka.

Akabaki mjini. Alipata mahali pa kushona magunia sokoni, na kila Jumapili alikwenda kumpelekea Musonda bukari, ugali wa huku, na samaki. Miezi tisa kamili. Nilipita mara nyingi pale sokoni, nikamwona ameinama na sindano yake, na kila mara moyo uliniuma, kwa maana nusu tuliyompunguzia kwa taabu ile yote alikuwa anaimaliza mwenyewe, nje, siku kwa siku, bila jaji.

Musonda alipotoka, walikuja ofisini kwetu wote wawili. Wakati ule mtu hakusafiri bila karatasi ya njia, na tuliandika moja kwa watu wa nyumba moja. Musonda alisimama nyuma, hana tena viatu vyeupe. Mzee alisimama mbele ya meza yangu. Nilichovya kalamu, nikafikia mstari wa majina, na mkono ukasimama wenyewe.

"Baba," nikasema, "nimwandike nani wa kwanza?"

Chola alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya kesi.

"Leo njo unauliza," akasema. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi, juu kabisa. "Andika miye. Mu njia ya kurudia nyumbani, hapo njo fasi yangu."